Hariri Yenye Picha: Zawadi ya Harusi Kutoka Ulaya



Akina mama kadhaa wametuuliza kuhusu fulari za hariri zilizochapwa picha za wachoraji maarufu wa zamani, zile ambazo ndugu zetu walioko Ulaya hutuletea wakija likizo, au hutuma kwa mkono wa msafiri. Je, ni mavazi ya halali? Je, mtu aweza kuswali nazo? Na bei yake ni haki? Mambo haya yaliingia nyumbani kwetu hapa Buyenzi, Bujumbura, wakati wa harusi ya kijana wetu, kwa hiyo tutaeleza tulivyoyashughulikia. Hatutoi fatwa. Mwenye shaka amwendee maalim wake, nasi pia tulikwenda kwa wetu.

Mama mdogo wa bwana harusi anaishi Uholanzi kwa miaka mingi, anafanya kazi ya usiku ya kutunza wazee. Alituma kifurushi chenye vitu vitatu, vyote vya hariri tupu. Kulikuwa na fulari ya bibi harusi yenye matawi ya mlozi uliochanua kwenye anga la buluu, picha ya Vincent van Gogh. Kulikuwa na fulari ya pili, kubwa zaidi, ya rangi ya dhahabu, yenye mwanamume na mwanamke wamekumbatiana, picha ya Gustav Klimt wa Austria. Kisha kulikuwa na karavati, au tai kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, ya bwana harusi mwenyewe, yenye shamba la ngano na miti ya Van Gogh huyo huyo. Ujumbe wake ulisema anataka kuviona vyote vitatu kwenye picha za nikaha. Alikuwa ameweka akiba miezi mingi kwa ajili hiyo, na kila mtu ndani ya nyumba alilijua hilo.

Kabla ya hukumu ni vizuri kujua kitu chenyewe kimetoka wapi.

Fulari ya mraba ya hariri tunayoijua leo ilipata umaarufu kwa kampuni ya Hermès ya Ufaransa, iliyotoa ya kwanza mwaka 1937. Kipimo chake cha kawaida ni sentimita 90 kwa 90. Huchapwa Lyon, mji wa hariri tangu karne nyingi, ambako wafumaji waliwahi kuasi mwaka 1831 kwa sababu ya ujira mdogo. Namna ya kuchapa ni hii: kila rangi huwa na fremu yake iliyowambwa kitambaa chembamba mfano wa chujio, rangi ikapita pale tu inapotakiwa, kisha inawekwa fremu nyingine juu yake kwa rangi nyingine. Picha moja yaweza kuhitaji fremu 30 na zaidi, na zikikosana hata kwa unywele kazi yote imeharibika. Baada ya hapo kitambaa hupigwa mvuke ili rangi ishike, huoshwa, na pindo hukunjwa na kushonwa kwa mkono. Ndiyo maana fulari moja mpya ya kampuni ile huuzwa zaidi ya euro 400. Za majumba ya makumbusho huwa rahisi kuliko hizo, na nyingi siku hizi huchapwa kwa mashine ya kompyuta inayorusha wino moja kwa moja juu ya kitambaa.

Zamani kidogo wenye viwanda waliwafuata wachoraji wenyewe. Huko London miaka ya 1940, mume na mke wakimbizi kutoka Czechoslovakia, akina Ascher, waliwaomba watu kama Henri Matisse na Henry Moore wawachoree fulari. Mchoraji alikuwa hai, alikubali, na alijua picha yake itakaa kichwani au shingoni mwa mtu. Leo mambo ni mepesi zaidi kwa mfanyabiashara. Katika nchi nyingi haki ya mchoraji humalizika miaka 70 baada ya kufa kwake. Van Gogh alifariki 1890, Klimt 1918. Hakuna wa kuombwa ruhusa wala wa kulipwa. Mwaka 2017 kampuni ya Louis Vuitton pamoja na msanii wa Marekani Jeff Koons walichukua picha za Leonardo da Vinci, Rubens, Van Gogh na wengine, wakazibandika kwenye mikoba ya maelfu ya dola na kwenye fulari, na jina la mchoraji likaandikwa kwa herufi kubwa za kung'aa. Sisi tulipoziona tulicheka kidogo. Mtu akibeba mkoba ulioandikwa VAN GOGH, anatuonyesha picha au anatuonyesha kwamba anazo pesa?

Lakini ile picha ya mlozi ina habari nyingine, nayo ilitugusa kwa kuwa ni habari ya familia. Van Gogh aliichora Februari 1890 akiwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kusini mwa Ufaransa. Ndugu yake Theo, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha na kumnunulia rangi, alikuwa amepata mtoto wa kiume tarehe 31 Januari mwaka huo huo, akampa mtoto jina la kaka yake, Vincent. Basi mchoraji, asiye na kitu, akamchorea mtoto yule mti wa mlozi, kwa kuwa mlozi huchanua mapema kabla baridi haijaisha vizuri. Julai mwaka ule mchoraji akafa akiwa na miaka 37. Miezi sita baadaye Theo naye akafa. Akabaki mjane, Johanna, na mtoto wa mwaka mmoja, na nyumba iliyojaa picha ambazo watu hawakuzitaka. Johanna alizitunza, akachapisha barua za ndugu wale wawili, akawashawishi watu taratibu mpaka ulimwengu ukamjua mchoraji. Picha ya mlozi haikutoka mikononi mwa familia. Mtoto yule alipokuwa mtu mzima ndiye aliyekabidhi mkusanyiko wote kwa taasisi mwaka 1962, na jumba la makumbusho la Amsterdam likafunguliwa 1973. Kwa hiyo duka la pale likiuza fulari ya mlozi, angalau lipo ndani ya nyumba inayohifadhi mkusanyiko wa familia yenyewe.

Kuna jambo jingine lililotufurahisha. Sisi wa Burundi, Kongo na Rwanda tunavaa vitenge vya Holland na kuvitia kwenye mahari. Kiwanda chake, ambacho leo tunakiita Vlisco, kilianzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond. Van Gogh aliishi na wazazi wake katika kijiji cha Nuenen, si mbali na hapo, tangu mwisho wa 1883 hadi 1885, na huko alichora tena na tena wafumaji maskini wakiwa wamejikunja ndani ya mitambo yao ya miti. Mtu huyu alijua nguo hutoka katika mgongo wa nani. Tena picha ya mlozi ina sentimita 73 kwa 92 hivi, yaani upana wake unakaribiana na wa fulari, ila si mraba. Waliochapa fulari yetu wamelazimika kuongeza ukanda wa buluu juu na chini. Mtu asiyejua hataona, lakini fundi wetu wa cherehani aliona mara moja, akasema, "Hapa wameunga."

Tuje kwenye karavati, maana hiyo ndiyo iliyozua maneno.

Kila mzee aliyekuja nyumbani alikuwa na rai yake. Baba mkubwa alisema ni kipande kidogo tu, na aliyekitoa ni mama wa kijana kwa heshima, avae kwa saa moja, apigwe picha, avue. Wengine walisema mwanamume havai hariri, basi. Tulipomwendea maalim alitukumbusha mambo yanayojulikana. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa dhahabu na hariri ni halali kwa wanawake wa umma wake na haramu kwa wanaume. Kiasi cha upana wa vidole viwili, vitatu hadi vinne kimeruhusiwa, kama pindo au nakshi katika nguo, na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.). Pia Abdur-Rahman bin Auf na Zubeir bin Awwam (R.A.) waliruhusiwa kuvaa hariri kwa sababu ya maradhi ya kuwashwa. Karavati si nakshi ya pindo wala si dawa. Ni vazi zima la hariri, tena ukiifumua ni pana kuliko inavyoonekana, na kijana wetu, alhamdulillah, haumwi kitu.

Hapo baba mkubwa akauliza swali zuri. Je, sasa tuitupe? Maalim akasema hapana, na akatusimulia habari ambayo wengi wetu tuliisikia utotoni tukaisahau. Sayyidna Umar aliletewa joho la hariri na Mtume (S.A.W.). Akashangaa, kwa kuwa alikuwa ameshasikia makatazo, akaambiwa kwamba hakupewa ili alivae. Umar akampa ndugu yake aliyekuwa Makka, ambaye hakuwa Muislamu. Na Sayyidna Ali (R.A.) alipewa nguo ya hariri, akaivaa, akaona ghadhabu katika uso wa Mtume, basi akaikata akawagawia wanawake wa nyumbani kwake. Kumbe kitu kikiwa si halali kwa huyu, chaweza kuwa halali kwa yule aliye karibu naye, kazi ni kukifikisha.

Tunawaomba wasomaji wasichanganye hariri na vitu vingine. Sokoni kwetu kila kitambaa kinachoteleza huitwa hariri, na kwa kweli kingi ni nailoni au poliesta. Hukumu ya maalim inahusu hariri inayotoka kwa yule kiwavi, siyo mng'ao. Mkitaka kujua, vuteni uzi mmoja kutoka ndani ya pindo na kuuchoma. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Fanyeni hivyo nje, mbali na watoto, na msichome fulari nzima. Yetu ilinuka nywele.

Ile fulari ya dhahabu ilikuwa na tatizo la namna nyingine. Klimt aliichora picha hiyo 1907 na 1908, akatumia rangi za mafuta na dhahabu halisi iliyopigwa ikawa nyembamba kama karatasi, nayo iko Vienna katika jumba la Belvedere. Ni mraba kamili, mita 1.80 kila upande, kwa hiyo wenye fulari wanaipenda sana, hawana cha kukata. Inaitwa Busu. Mama mdogo aliona wapendanao wawili juu ya maua, akawaza harusi, na ni mtu gani atamlaumu kwa hilo? Ila bibi harusi kuingia msikitini, au kukaa mbele ya wakwe zake, na busu limefunika kichwa, hata asiyesoma dini ataona haya. Na kuhusu sura za viumbe wenye roho kwenye nguo, wanazuoni wana maneno mengi na wamekhitilafiana. Maalim wetu alituelekeza kwenye pazia la Bi Aisha (R.A.). Alikuwa ametundika kitambaa chenye picha, Mtume (S.A.W.) akakichukia na kukiondoa, kikakatwa, yakafanywa matakia. Kitambaa hakikupotea. Na Ibn Abbas (R.A.) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa uchoraji, alimwelekeza achore miti na visivyo na roho. Kwa hiyo mlozi wa Van Gogh hauna shida kwa mwanamke. Tatizo lilikuwa nyuso mbili za Klimt.

Hata ule mlozi tuliwekewa mpaka. Maalim alisema ni mzuri kwa kuvaa, lakini kama bibi harusi au aliye nyuma yake katika safu atakuwa akihesabu maua badala ya kusoma Alhamdu, basi wakati wa swala avae mtandio wake mweupe. Alitaja shuka yenye nakshi ambayo Abu Jahm (R.A.) alimpa Mtume (S.A.W.) kuwa zawadi. Aliswali nayo, nakshi zikamvutia jicho, alipomaliza akaagiza irudishwe kwa Abu Jahm na aletewe shuka nyingine ya Abu Jahm isiyo na mapambo. Wanazuoni wameeleza kwamba aliomba ile nyingine ili mwenye kutoa asivunjike moyo kwa kurudishiwa zawadi yake.

Hilo la mwisho ndilo lililotuelekeza la kufanya, kwa sababu mzigo mzito kuliko yote ulikuwa moyo wa mama mdogo. Baadhi yetu tulitaka tunyamaze, vitu viwekwe sandukuni, na akiuliza aambiwe vimechelewa forodhani. Wanawake wa nyumba wakakataa kuanza ndoa kwa uongo. Basi tulimpigia simu, mama wa bwana harusi akazungumza, sisi wengine tumekaa kimya tukisikiliza. Alimweleza kila kitu, karavati na nyuso na habari ya Abu Jahm. Upande wa pili pakawa kimya kirefu. Halafu mama mdogo akasema, "Dada, mimi dukani nilitazama rangi tu." Hakukasirika, lakini sauti yake ilishuka, na hatutadai kwamba hakuumia. Tukamwomba ruhusa tukate ile fulari ya dhahabu, na tukamwomba kitu kingine kutoka kwake, kama Mtume alivyoomba: je, hana kofia nyeupe ya pamba ya kijana, au manukato, au chochote cha kuvaliwa siku ile kwa jina lake? Alikuwa na kanzu ya marehemu mume wake, amekuwa akiitunza. Ilifika kwa msafiri siku nne kabla ya nikaha.

Fundi alifanya kazi yake taratibu, maana hariri huteleza chini ya mkasi, inabidi ubane karatasi chini yake ndipo ukate. Katika ile picha ya Klimt nyuso, mikono na miguu ni sehemu ndogo. Kilichobaki chote ni mavazi yao: upande wa mwanamume miraba myeusi na myeupe, upande wa mwanamke duara za rangi, na chini yao maua. Ukiondoa nyuso, hubaki nakshi ambayo ungedhani ni ya kitenge. Yakatoka matakia mawili. Karavati ilifumuliwa kwa kuvuta uzi mmoja mrefu wa nyuma, ndivyo karavati nzuri zinavyoshonwa, na ndani yake kulikuwa na kitambaa kizito cha sufu. Hariri yake imekatwa mshazari, kwa hiyo huvutika na haifai gauni. Wasichana wawili wadogo wa nyumba wakapata vitepe vya nywele vyenye ngano ya Ufaransa. Bibi harusi alivaa mlozi, bwana harusi kanzu, na picha zilitumwa Uholanzi usiku ule ule.

Baada ya harusi kulikuwa na mazungumzo juu ya bei. Baba mkubwa, ambaye hakusahau kushindwa kwake katika suala la karavati, alisema kuwa vitu vitatu vile vingelipa ada ya shule ya watoto kadhaa. Ni kweli. Nasi tunaona fulari ya zaidi ya euro 400 kwa ajili ya jina la kampuni ni israfu kwa familia kama zetu, wala hatutabembeleza maneno hapo. Hata hivyo dada akitoa katika jasho lake zawadi moja kwa mtoto wa ndugu yake, mara moja katika maisha, hatuko tayari kumwita mbadhirifu.

Kikundi chetu cha akina mama kinashona mitandio ya kuuza, na kisa hiki kimetuzindua. Kama Wazungu wanachukua picha za zamani zisizo na mwenyewe, mbona sisi tunayo mengi ya kuchukua yasiyo na roho wala haya? Makumbusho ya Metropolitan ya New York tangu mwaka 2017 yameachia picha za maelfu ya kazi zake za kale, mtu yeyote aweza kuzitumia bila malipo hata kwa biashara, na ndani yake zimo sahani na vigae vya Iznik vya Uturuki, vya wakati ule ule wa vigae vinavyofunika kuta za msikiti wa Rüstem Paşa wa Istanbul, uliojengwa miaka ya 1560. Ni tulipu, waridi na majani marefu yaliyopinda, buluu na kijani na wekundu kama wa matumbawe. Tumekubaliana tusichukue kitu chenye maandishi, kwani jina la Allah laweza kuwemo na mtandio huingia chooni, hufuliwa, huangushwa sakafuni.

Ndugu yetu mmoja afanyaye biashara Guangzhou alitupelekea picha tatu kwa wachapaji, tukaletewa vipande vya majaribio, kimoja cha hariri na viwili vya pamba. Buluu imetoka vizuri sana. Wekundu wa Iznik umetoka kama juisi ya maracuja iliyotiwa maji. Tumevirudisha, na tumewaambia cha hariri wakipunguze kifike sentimita 70, maana kwa bei ya sasa ni wachache Buyenzi watakaokinunua, lakini viwili vya pamba tayari vina watu kumi na mmoja walioandikisha majina.